EPOKSI KWENYE SAKAFU YA GEREJI YA NYUMBANI: kabla hujanunua ndoo, soma hapa



Tangu zile picha za sakafu zinazong'aa kama kioo zianze kuzunguka mitandaoni, swali ni lile lile: "Kaka, hivi ile epoksi naweza kujipigia mwenyewe home?" Unaweza. Ila maelezo ni marefu, kwa hiyo kama muda wako wa kafe unakaribia kwisha bora uuchape ukurasa uondoke nao, usije ukaishia katikati ukaenda kununua ndoo.

Tuelewane lugha kwanza. Hapa Bongo ukisema gereji mtu anafikiria kwa fundi makenika, chini oili tupu na vyuma. Mimi nazungumzia chumba cha kulaza gari nyumbani, tuseme mita 3 kwa 6, sakafu ya zege. Mambo mengi humu yanafaa pia kwa stoo, duka au jiko la mgahawa, na najua wengi wenu hamna gari wala gereji, mnatafuta kazi ya kupiga sakafu za watu. Hao hasa ndio wasome mpaka mwisho.

Niseme na langu ili msidhani naongea kwa kusoma tu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa gereji ya mjomba, Dar, mwezi wa nne, masika yamepamba moto. Nikaosha sakafu, nikaikausha na feni, nikapiga mikono miwili ya rangi ya kijivu. Ilipendeza mpaka majirani wakaja kuchungulia. Mwezi wa tatu baada ya hapo ikaanza kutoa malengelenge, halafu ikabanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Nilipogeuza kipande kimoja nikaona upande wa chini umeshika ganda jembamba la saruji, na chini yake kuna majimaji na unga mweupe. Kumbe rangi ilikuwa imeshika vizuri tu! Kilichoachia ni sakafu yenyewe. Mjomba hakunidai, lakini kazi nilirudia kwa pesa yangu, na lawama zote zilikuwa za kwangu.

EPOKSI NI KITU GANI

Wengi mnaijua bila kujua. Ile gundi ya Araldite ya tyubu mbili, unachanganya kidogo kutoka huku na kidogo kutoka kule, ndiyo epoksi yenyewe. Paul Schlack wa Ujerumani aliomba hataza yake mwaka 1934, Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani wakaiendeleza kila mmoja kivyake, na mwaka 1946 kampuni ya Ciba ya Basel ikaitoa sokoni kwa jina hilo la Araldite. Ya sakafuni ni ndugu yake mkubwa.

Cha kushika hapa ni kimoja. Rangi ya kawaida hukauka kwa maji au thina kuruka hewani. Epoksi haikauki, inaungana. Kuna utomvu kwenye kopo A na hadina kwenye kopo B, vikikutana vinashikana kikemia mpaka vinakuwa kitu kimoja kigumu, na vinatoa joto wakati vinashikana. Ndiyo maana jina la "kikausho" ambalo mafundi wengine wanaliita kopo B linapotosha watu. Mtu anaona mvua inakuja, anaongeza "kikausho" ili iwahi. Haiwahi! Ile hadina ya ziada inakosa mwenza wa kushikana naye, inabaki humo humo, na sakafu inakuwa laini au yenye kunata maisha yake yote. Kama kopo limeandikwa 4 kwa 1, ni 4 kwa 1. Na angalia wanapima kwa ujazo au kwa uzito, maana si kitu kimoja.

MAJI YANAYOTOKA CHINI

Sasa hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Zege unaliona gumu, lakini ndani lina vijitundu vingi kama sponji. Kama wakati wa kujenga hawakutandika nailoni nzito chini ya zege, na nyumba nyingi za mitaani kwetu hawakutandika, unyevu wa ardhini unapanda kila siku, unafika juu na kupotea hewani kama mvuke. Huuoni. Siku ukifunika sakafu kwa epoksi umeziba mlango wa kutokea. Maji yanakusanyika chini ya rangi, na si maji matupu, yamebeba chumvi na ukali wa saruji, pH kama 12 hivi. Yanasukuma juu. Hakuna rangi ya kawaida itakayovumilia hapo, hata iwe imetoka Ulaya.

Kipimo chake ni cha bei ya karanga. Chukua kipande cha nailoni safi, ya kuonyesha, sentimita 45 kwa 45. Kibandike sakafuni na gundi ya tepu pande zote nne, hewa isipite. Kiache saa 16 au zaidi, mahali jua halipigi moja kwa moja. Kisha bandua. Ukikuta matone ndani ya nailoni, au zege pale chini limekuwa jeusi kuliko jirani zake, kuna maji yanapanda. Fanya sehemu tatu: katikati, pembeni karibu na ukuta, na upande wenye bomba au choo kwa nyuma.

Angalizo: kipimo hiki ukikiamini, kiamini zaidi kinapokupa habari mbaya. Sakafu iliyopita mwezi wa pili kwenye joto kali inaweza kufeli mwezi wa nne. Nyumba za mabondeni na za karibu na bahari rudia kipimo wakati wa mvua kabla hujaamua. Zege jipya nalo lisubiri siku 28 angalau, halafu ndiyo lipimwe.

Ikifeli, je? Zipo praima za epoksi zilizotengenezwa kwa kuzuia unyevu, ni za bei na zinataka sakafu iliyosagwa vizuri. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi kwa gereji ya kawaida, ni kuachana na rangi kabisa. Kuna dawa za silikati zinazonyweshwa kwenye zege, zinaungana na chokaa iliyomo na kulifanya gumu na lisitoe vumbi. Haziweki ngozi juu, kwa hiyo hakuna cha kubanduka, na mvuke unaendelea kupita. Haing'ai kama kwenye picha, lakini miaka mitatu baadaye bado ipo.

NIRU NA POLISHI

Hili wenzetu wa ng'ambo hawaliandiki kwenye maelekezo yao kwa sababu kwao halipo. Sisi tukimaliza sakafu tunapiga niru, ule uji wa saruji tupu unaosuguliwa na mwiko mpaka unateleza. Unapendeza, lakini ni ganda jembamba, na mara nyingi halijashikana sana na kilicho chini yake. Epoksi ikikauka inavuta kidogo na inashika kuliko niru inavyoshika zege. Matokeo yake ni yale ya kwa mjomba: rangi inaondoka na niru yake mgongoni. Gonga sakafu nzima kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama debe tupu, niru imeachia na lazima itoke.

Sakafu nyekundu za zamani zina lingine. Zimepigwa polishi ya nta miaka na miaka, na nta imezama. Epoksi juu ya nta ni sawa na kubandika stika kwenye kikaango chenye mafuta.

KUSAGA, AU ASIDI?

Sakafu inatakiwa iwe na ukwaruzo kama msasa namba 80 mpaka 120 ukiipapasa. Kusaga kwa mashine yenye jiwe la almasi ndiyo njia ya uhakika: inaondoa niru, nta na rangi ya zamani kwa mpigo. Kwa mita 18 za mraba hata grenda ya mkononi yenye kikombe cha almasi inafanya kazi, ila utaumwa mgongo siku mbili, nakuambia. Vumbi lake ni hatari, nitalisema chini.

Asidi ni ya wasio na mashine na wenye sakafu ya zege safi lisilo na niru. Ni haidrokloriki, sehemu 1 kwa maji sehemu 3 au 4. Maji yatangulie kwenye ndoo ya plastiki, asidi ifuate, kinyume chake inaweza kukurukia usoni. Inatakiwa itoe povu sakafuni. Isipotoa, kuna kitu kimeziba na unapoteza muda. Ikitulia, mwagia maji yenye magadi ili kuua ukali, kisha suuza, suuza tena, halafu suuza tena. Asidi haiondoi mafuta wala nta. Usiikutanishe na Jik wala dawa yoyote ya kung'arisha nguo, inatoka gesi ya klorini, na humo chumbani hutoki mzima. Gari na vyuma vyako vihamishe, mvuke wake unavipiga kutu.

Kuna vijana wanatumia asidi ya betri kwa sababu ipo kila kona. Msitumie. Ile ni salfuriki, ikikutana na saruji inatengeneza jasi, unga laini unaobaki juu ya sakafu, na rangi inashika unga badala ya zege.

Doa la oili limwagie sabuni ya unga na maji ya moto, sugua kwa brashi ngumu, nyonya kwa vumbi la mbao, rudia mpaka uchoke. Baada ya yote hayo dondosha matone ya maji sehemu mbalimbali. Yakinywewa ndani ya dakika moja au mbili, endelea. Yakisimama kama umande kwenye jani la mgomba, hujamaliza kusafisha. Pale ambapo oili imezama kabisa, chonga utoe zege lile na uzibe upya.

HESABU YA NDOO

Lita 1 ikitandazwa mita 1 ya mraba inakuwa na unene wa milimita 1. Hiyo tu, mengine ni kugawanya. Ukitaka mkono wenye unene wa milimita 0.2 kwenye gereji yetu ya mita 18 za mraba: 18 mara 0.2 ni lita 3.6. Mikono miwili ni lita 7.2, na ongeza kidogo maana mkono wa kwanza zege linakunywa.

Hesabu hiyo ni kwa epoksi isiyo na kitu cha kuruka hewani, ile wanayoandika asilimia 100. Nyingine za dukani zina maji au thina ndani yake. Mtu akikuambia lita 4 za epoksi ya maji zinatosha mita 40 za mraba, amekutandazia milimita 0.1, na kama nusu yake ni maji, kikishakauka unabaki na 0.05, unene wa unywele mmoja hivi. Hiyo kwenye chumba cha kulala itakaa. Kwenye gereji, tairi lililotoka barabarani lina joto, linalainisha rangi na kuing'ang'ania, halafu likipoa linanywea na kuivuta. Asubuhi ukirudisha gari nyuma unaona alama nne za zege tupu. Hili ndilo lalamiko kubwa la sakafu za gereji dunia nzima, na rangi nyembamba za maji ndizo zinazoongoza.

SIKU YENYEWE

Joto letu linapunguza muda wa kufanya kazi. Kwa makadirio, kila nyuzi 10 zikiongezeka muda unakuwa nusu. Kopo lililoandikwa dakika 40 kwenye nyuzi 20 za Ulaya, kwa Dar ya nyuzi 30 lihesabie dakika 20. Na ikikaa kwenye ndoo ni mbaya zaidi, joto linajikusanya, ndoo inaweza kutoa moshi kabisa. Kwa hiyo changanya kiasi kidogo, dakika tatu kwa drili ya mwendo wa polepole, kwangua pembeni na chini, hamishia kwenye ndoo ya pili safi ukoroge tena. Halafu mwaga YOTE sakafuni kwa mistari, usichovye rola kwenye ndoo kama unapaka ukuta. Kilichobaki kwenye kuta za ndoo kiache, usikigongegonge kidondoke. Mara nyingi hakijachanganyika, na kitakuachia madoa yanayonata.

Pembeni brashi, katikati rola, anzia ukuta wa ndani ukirudi mlangoni. Kuna jamaa alijifungia pembeni akabidi asubiri... hapana, sitamtaja, anasoma hapa.

Saa za kuanza zina mtego. Asubuhi zege linapashwa, hewa iliyomo vijitunduni inatanuka na kupuliza mapovu kwenye rangi. Jioni sana umande unashuka, na hadina ikikutana na unyevunyevu inatoa utando wa kunata, mweupe kama mafuta. Mimi huanza saa nane au tisa mchana, joto likianza kushuka. Utando ukitokea uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya mkono wa pili, kwa sababu msasa unausambaza tu. Mkono wa pili upigwe ndani ya muda uliotajwa kwenye kopo, kwa kawaida saa 24. Ukichelewa, piga msasa kwanza. Na msimu wa mvua zima taa usiku, kumbikumbi wakiiona watatua wote kwenye sakafu yako na watabaki humo milele hehehe.

Kama hutaki watu wateleze, nyunyiza mchanga mkavu wa kwartzi kwenye mkono wa kwanza ungali mbichi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache huko huko. Kutembea ni baada ya siku moja, gari baada ya siku 7. Najua gari la bosi halitaki kulala nje. Lilale.

MIKONO NA MAPAFU

Vijana mnaotaka kufanya hii kama kazi, hapa nisikilizeni kuliko pale pa niru.

Epoksi mbichi na hadina yake zinaweza kuufanya mwili wako uikatae. Mwanzoni hakuna kitu, unafanya kazi mwezi, miezi sita, unanawa mikono na thina kila jioni na kuona wewe ngangari. Siku moja mikono inawasha, inavimba, kope zinafura. Hiyo ni mzio, na ukishaingia hautoki. Toka siku hiyo hata kidogo kiasi gani, hata harufu kwa wengine, inakurudisha pale pale, na kazi imekwisha. Thina ndiyo inayoharakisha, maana inayeyusha mafuta ya ngozi na kuifungulia njia dawa iingie. Vaa glavu za nitrili, sio zile nyembamba za mpira za hospitali, na zikichafuka ndani tupa. Mikono mirefu. Ikikugusa, futa kwa kitambaa kikavu, osha kwa sabuni na maji.

Vumbi la kusaga zege lina silika, inayokaa kwenye mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Saga kwa maji au kwa mashine yenye kinyonya vumbi, na barakoa ya kitambaa ile ya mwaka 2020 haisaidii hapa. Tafuta ya N95 au zaidi. Hiyo nayo haizuii mvuke wa thina, mvuke unataka barakoa ya vichujio vya mkaa. Rangi ya juu ya poliyurethani ina isosayaneti, inaweza kukupa pumu, kwa hiyo ni vile vile.

Aina zenye thina mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kutafuta moto. Jiko la mkaa, gesi, sigara, hata friji inayojiwasha yenyewe pembeni. Fungua milango, chomoa plagi kabla hujafungua kopo.

MASWALI YENU

Uani kwenye jua, je? Epoksi peke yake inageuka njano na kutoa unga juani. Weka poliyurethani ya kustahimili jua juu yake, au achana nayo.

Juu ya rangi ya zamani? Kata alama ya X kwa kisu, bandika tepu, ivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, saga yote. Kipimo hicho hicho tumia kwa kazi yako mpya: piga mita moja ya mraba kwenye kona, subiri wiki, kata X. Ni wiki moja tu.

Mteja hataki kusubiri kipimo cha nailoni? Hili ndilo gumu kwa anayeanza, maana mwenzako wa mtaa wa pili atakubali leo leo. Mimi siku hizi napiga picha ya nailoni ikiwa na matone, namtumia mteja, na kwenye makubaliano naandika kwamba sakafu ilikuwa na maji tarehe fulani. Wawili wameshaniacha wakaenda kwa mwingine. Mmoja alinipigia mwaka uliofuata kuniuliza kusaga kunagharimu kiasi gani.

Mabaki? Changanya A na B yote, yatandaze membamba juu ya mchanga mpaka yagande, ndiyo yatupwe. Usimwage mtaroni.

Mwenye swali aweke hapo chini, ila ataje ukubwa wa sakafu, ina niru au haina, na nailoni ilionyesha nini. Ukiuliza "bei gani kwa mita" bila hayo, nitakuuliza hayo hayo.